Tunachoonyeshwa na Tulichohifadhi: Mhadhara kuhusu Faili Ghafi za Picha katika Hifadhi za Mtandaoni

Nawashukuru waandaaji kwa kuikubali mada ambayo jina lake tu lingetosha kuwabakiza watu nyumbani. Wengi wenu mnapiga picha kwa kazi, wengine mnazitunza, na wahariri waliokaa safu ya mbele ndio wanaoamua ipi itoke na ipi itupwe. Karibu nyote mna faili ghafi mahali fulani mtandaoni, hata kama hamjazigusa tangu siku mlipozipakia.

Kusudi langu ni moja. Mtu anapofungua hifadhi yake ya mtandaoni akaona picha pale alipoweka faili ghafi, anachokiona ni tafsiri iliyofanywa na mwingine: ama kamera, ama seva. Huduma za hifadhi kwa kawaida hazimwambii tafsiri ni ya nani. Nitadai kwamba ukimya huo una gharama kwa mpiga picha, kwa mteja wake, kwa mhariri na kwa nyaraka za umma, na kwamba dawa yake haihitaji uvumbuzi wowote. Nikisema faili ghafi nina maana ya zile faili zenye vimalizio kama CR3 cha Canon, NEF cha Nikon, ARW cha Sony, RAF cha Fujifilm na DNG, ambazo vijana wa studio huziita RAW na mambo yakaisha.

Hoja ya kwanza: ndani ya data ghafi hakuna picha iliyo tayari kuonyeshwa.

Mwaka 1976 Bryce Bayer, aliyekuwa akifanya kazi Eastman Kodak nchini Marekani, alipewa hataza ya mpangilio wa vichujio vidogo vya rangi vinavyokaa juu ya kihisio cha kamera: nusu ni vya kijani, robo ni vyekundu, robo ni vya bluu. Kamera nyingi za leo bado zinatumia mpangilio huo, ingawa Fujifilm tangu mwaka 2012 wana wa kwao, wa X-Trans. Kila nukta ya kihisio hupokea mwanga kupitia kichujio kimoja tu. Nukta iliyo chini ya kichujio chekundu haijui lolote kuhusu kijani wala bluu ya mahali pake. Faili ghafi ni safu ndefu ya namba hizo, moja kwa kila nukta, pamoja na maelezo ya kamera, lenzi, saa na mipangilio. Ili pawe na picha ya rangi, programu inalazimika kukadiria rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta kwa kuangalia nukta za jirani. Maana yake, theluthi mbili ya rangi zilizomo katika picha ya kawaida ya kidijitali zimetokana na makadirio. Baada ya hapo programu inaamua weupe ni upi, inapandisha mwangaza kwa mkunjo fulani kwa sababu namba za kihisio huenda sambamba na mwanga tofauti na jicho letu, kisha inaamua ukali wa kingo na kiasi cha chengachenga cha kuondoa. Ukizianika namba zile bila hatua hizi utapata kitu cheusicheusi chenye rangi ya kijani, na hakuna mteja atakayekilipia.

Watu hupenda kuifananisha faili ghafi na negativu, na Adobe walipotoa umbizo lao la DNG mwaka 2004 waliegemea fikra hiyohiyo. Ulinganisho huo unafaa hadi mahali fulani, halafu unapotosha. Negativu ya zama za Capital Art Studio, studio ya Mji Mkongwe wa Zanzibar iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ukiiinua mbele ya dirisha utawaona watu waliomo, hata kama nyuso ni nyeupe na kanzu ni nyeusi. Haikuhitaji ruhusa ya kampuni wala toleo jipya la programu. Faili ghafi ukiiinua dirishani huoni kitu. Lazima isafishwe kwanza, na kila anayeisafisha ana mkono wake. Kwa hiyo swali la "picha hii inaonekanaje hasa?" halina jibu moja hapa. Lililo na jibu ni hili: nani ameisafisha, na kwa mipangilio ipi?

Hoja ya pili: huduma ya hifadhi ina njia mbili tu za kukuonyesha kitu, na zote mbili ni tafsiri.

Chukueni faili ya CR3, umbizo ambalo Canon walilianza mwaka 2018 na kamera ya EOS M50. Ukiichungulia kwa zana za kusoma muundo wa faili, unakuta imebeba vitu kadhaa. Kuna kijipicha cha pikseli 160 kwa 120. Kuna JPEG ya pikseli 1620 kwa 1080. Kuna JPEG nyingine ya ukubwa kamili. Kisha ndiyo data ghafi yenyewe, ambayo inakula sehemu kubwa ya megabaiti. JPEG zote tatu zimetengenezwa na kamera, papo hapo baada ya kubonyeza, kwa kufuata mipangilio iliyokuwamo: weupe, mtindo wa rangi, utofauti wa giza na mwanga. Hizo ndizo unazoziona kwenye kioo cha nyuma ya kamera. NEF na ARW nazo zina mizigo ya namna hiyo, ila vipimo hutofautiana. Kamera nyingi za Sony kwa miaka mingi ziliweka ndani ya ARW picha ya onyesho ya pikseli 1616 kwa 1080 tu, hata pale kihisio kilipokuwa na megapikseli 24 au 42.

Njia ya kwanza ya seva, basi, ni kuichomoa mojawapo ya JPEG hizo na kuionyesha. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na rangi zake zinafanana na zile mpiga picha alizoziona uwanjani. Njia ya pili ni kuisafisha data ghafi yenyewe kwa maktaba ya programu kama LibRaw, ambayo chimbuko lake ni dcraw, programu aliyoianza Dave Coffin mwaka 1997 kwa kuchambua maumbizo ambayo watengenezaji wa kamera hawakuyafafanulia umma. Microsoft walipoleta uwezo wa kuonyesha faili ghafi katika Windows 10 mwaka 2019, walitegemea LibRaw hiyohiyo. Njia hii inatumia nguvu nyingi za kompyuta, inahitaji kusasishwa kila kamera mpya inapotoka, na kwa mwenye seva ina hatari zake, kwani kufungua faili tata za wageni ni kuwafungulia mlango wenye nia mbaya. Mfanyabiashara anayepokea mamilioni ya faili atachagua njia ya kwanza kila inapowezekana, na mimi simlaumu kwa uchaguzi huo. Ninachomlaumia ni kutosema.

Anayetaka kuziona tafsiri hizi mbili zikipokezana kijiti afungue Lightroom, programu ya Adobe. Ukiingiza faili ghafi, mara nyingi kwanza huja JPEG ya kamera. Halafu, baada ya muda mfupi, picha inabadilika mbele ya macho yako: nyekundu inapoa, vivuli vinafunguka au vinazama, ngozi inageuka kidogo. Hakuna aliyegusa kitu. Kilichotokea ni kwamba Adobe wameiondoa tafsiri ya kamera na kuweka yao. Kwenye hifadhi ya mtandaoni mpokezano huo hauonekani. Unapewa moja, na unadhani ndiyo yenyewe.

Hoja ya tatu, na hapa nitakaa zaidi: onyesho hilo linatufanya tuamue vibaya.

Tuanze na ukali wa picha. Mpiga picha amemaliza kazi ya siku nzima, amepakia faili ghafi zake usiku, na asubuhi akiwa kwenye daladala anazipitia kwa simu ili kuchuja. Anaivuta picha kwa vidole viwili aone kama kope za bi harusi zimekaa sawa. Zinaonekana zina ukungu. Anaifuta. Kumbe alichokuwa akikivuta ni ile picha ya onyesho isiyofika megapikseli mbili, iliyotanuliwa kupita uwezo wake, na pengine seva ilikuwa imeibana tena ili isile bando. Katika data ghafi ya megapikseli 24 kope zilikuwa kali kama sindano. Hakuna mtu aliyemdanganya kwa neno lolote, lakini hakuna pia aliyemwambia kwamba kipimo alichokishika mkononi hakipimi kitu anachotaka kukipima.

Kisha mwangaza. JPEG hubeba biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi nuru. Data ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Mfikirieni bi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe, saa saba mchana, nje ya ukumbi. Mpiga picha anayejua kazi hupunguza mwangaza kusudi darizi za gauni zisiungue, akijua uso ataupandisha baadaye kwenye usafishaji, kwa kuwa ngazi zimo. Kamera haijui mpango wake. Inatengeneza JPEG yake ya onyesho kwa mtindo wa kawaida, wenye utofauti mkubwa wa giza na nuru, na uso unazama. Sasa mpiga picha huyo, kwa haraka au kwa ukarimu, anamtumia mteja kiungo cha folda aangalie na achague. Mama mzazi anaifungua, anamwona mwanawe hana macho, na simu inaanza kuita. Historia ya picha ina deni la muda mrefu kwa ngozi nyeusi, tangu zama ambazo filamu na kadi za kupimia rangi zilipangwa kwa ngozi nyeupe, na si busara kuliongeza deni hilo kwa kumwonyesha mteja tafsiri ya mashine kana kwamba ni kazi ya fundi.

Rangi nayo ina mkanganyiko wake. Kamera ikiwekwa kwenye mtindo wa rangi moja, JPEG ya onyesho hutoka nyeusi na nyeupe, lakini data ghafi imebaki na taarifa zote za rangi. Katika hifadhi ya mtandaoni folda nzima itaonekana nyeusi na nyeupe. Ukiipakua na kuifungua kwa programu nyingine, rangi zinarudi zote. Mtu asiyejua ataapa kwamba kuna aliyeingia kwenye akaunti yake. Vilevile kamera iliyowekwa kwenye nafasi ya rangi ya Adobe RGB hutoa JPEG ambayo, programu ikipuuza alama yake, huonekana imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia. Data ghafi yenyewe haina habari na Adobe RGB wala sRGB. Uchaguzi huo hufanywa wakati wa kuisafisha. Na aliyepiga kwa fremu ya mraba anaweza kukuta onyesho limekatwa mraba, hali pembeni kuna sehemu nzima ya tukio iliyorekodiwa na kuhifadhiwa.

Nimalizie hoja hii kwa uhariri. Programu nyingi haziiandiki upya data ghafi. Maelekezo ya mhariri huwekwa katika faili ndogo ya pembeni yenye kimalizio XMP, au katika hifadhidata ya programu. Ukiipakia folda kwenye hifadhi ya kawaida, utaona faili ghafi hapa na XMP pale, mithili ya watu wawili wasiojuana. Saa tano ulizokaa ukirekebisha ngozi, anga na mkato wa picha hazionekani kwenye onyesho. Huduma zilizojengwa kwa ajili ya picha, kama Lightroom ya mtandaoni, huyazingatia maelekezo hayo, maana zinayamiliki zenyewe. Kwingine ni lazima utoe JPEG iliyokamilika na kuiweka kando ya faili ghafi, na hiyo ndiyo umpe mteja.

Najua kuna mtu hapa ana pingamizi, na ni la haki kulitaja: kijipicha ni kijipicha, kazi yake ni kukukumbusha faili ipi ni ipi, na mtu mzima anajua hivyo. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama huduma zenyewe zingekichukulia kijipicha kama alama ya utambulisho tu. Lakini onyesho linajaza kioo chote, lina kitufe cha kufuta, kitufe cha kushirikisha, mahali pa kuweka nyota na mahali pa maoni ya mteja. Ukimpa mtu vifaa vyote vya kuhukumu, usimlaumu akihukumu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: basi huduma zote zilazimishwe kusafisha data ghafi kikamilifu na kuonyesha ukubwa wote. Hili silikubali. Kwanza, usafishaji wa seva nao ni tafsiri, na mara nyingi hauvutii kama wa kamera, kwa sababu seva haina siri za rangi za Canon wala Fujifilm. Pili, kwa msikilizaji wa Mbeya au Lubumbashi anayelipia bando kwa megabaiti, JPEG ndogo ni neema. Kumlazimisha apakue faili ya megabaiti 30 au zaidi ili tu akumbuke kilichomo ni kumwonea. Onyesho jepesi libaki. Liambatane na jina lake la kweli.

Hoja ya nne ni fupi, lakini wahifadhi wa nyaraka naomba mnisikilize kwa makini: kuonekana kwa picha si ushahidi kwamba faili ni nzima.

JPEG ya onyesho mara nyingi hukaa kuelekea mwanzo wa faili na data ghafi hufuata nyuma yake. Mtandao ukikatika wakati wa kupakia, au diski iliyokuwa na faili hiyo ikiwa imeharibika sehemu, yawezekana kabisa onyesho likatoka safi huku nusu ya data ghafi haipo au imevurugika. Mtunza nyaraka anapita folda za mwaka mzima, anaona picha zimepangana vizuri, anaandika kwenye ripoti kwamba ziko salama. Alichokikagua ni ganda. Kinyume chake pia hutokea: huduma inaonyesha kisanduku cha kijivu kwa sababu haijalijua umbizo la kamera mpya, mtu anadhani faili imekufa, anaifuta, kumbe ilikuwa nzima. Kuna na hali ya tatu: Nikon walipotoa kamera ya Z9 mwaka 2021 walileta NEF iliyobanwa kwa teknolojia ya kampuni ya intoPIX, na programu nyingi za watu wengine zilichelewa kuisoma. Lakini JPEG ilikuwamo ndani. Aliyetazama onyesho aliona kila kitu kiko sawa, hadi siku alipotaka kuisafisha data yenyewe kwa programu aliyoizoea akagonga ukuta.

Kipimo cha uzima wa faili ni alama ya hesabu, kama SHA-256, inayotolewa kabla ya kupakia na kulinganishwa baada ya kupakua. Ni kazi ya programu ya bure na dakika chache. Sambamba na hilo, kila baada ya muda zichaguliwe faili kadhaa, zipakuliwe, zisafishwe kweli. Na mipangilio ya akaunti isomwe. Google Photos, kwa mfano, ina chaguo la kubana nafasi ambalo hupunguza picha inayozidi megapikseli 16. Tangu tarehe 1 Juni 2021 waliposimamisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo, kishawishi cha kulichagua kimekuwa kikubwa. Anayehifadhi asili hana budi kuchagua ubora wa asili, na kulipa.

Hoja ya tano inahusu ushahidi, na wanahabari ndio wenye kesi.

Mwaka 2013 picha ya Paul Hansen wa Sweden, iliyoonyesha wanaume wakipeleka watoto wawili mazikoni Gaza mnamo Novemba 2012, ilishinda tuzo kuu ya shindano la picha za habari la World Press Photo. Baada ya miezi kadhaa zikazuka tuhuma kwamba ilikuwa imeunganishwa kutoka picha zaidi ya moja. Waandaaji waliomba faili ghafi, wakawapa wataalamu wa nje wailinganishe na picha iliyoshinda. Jibu lilikuwa kwamba mwanga na rangi vilirekebishwa, lakini hapakuwa na uunganishaji. Mwaka 2015 shindano hilohilo liliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, baada ya kuzilinganisha na faili zake za asili. Kwa hiyo faili ghafi imekuwa shahidi anayeitwa mahakamani, na shahidi huyo mara nyingi anakaa kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Sasa mhariri anaposhirikishwa folda yenye faili ghafi na kuiangalia kwenye kivinjari, ameona nini? Mara nyingi ameona JPEG iliyobebwa ndani. ExifTool, programu ya Phil Harvey inayotumika duniani kote kusoma na kuandika maelezo ya picha, inaweza kuibadilisha JPEG hiyo katika faili nyingi bila kuigusa data ghafi. Sisemi hivi kuwafundisha watu uovu. Wenye nia hiyo wanajua tayari. Nasema kwa sababu mhariri anayeridhika kwamba ameiona faili ghafi na imefanana na picha iliyochapishwa, huenda hakuiona kabisa. Alinganishe data iliyosafishwa na yeye mwenyewe, kwa programu yake, kwenye kompyuta yake.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote. Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi. Watume zilizopigwa kama JPEG na kamera. Sababu zao zilikuwa mbili: uadilifu na kasi. Mtu anaweza kuuliza, kama shirika kubwa vile limeikwepa faili ghafi, sisi tunahangaika nayo ya nini? Ninaiheshimu hoja ya kasi. Katika habari za dakika ile, JPEG inatosha. Katika uadilifu, hata hivyo, uamuzi ule unathibitisha ninachokisema: JPEG ya kamera nayo ni tafsiri, ila ni tafsiri ya mashine inayojulikana, kwa mipangilio inayojulikana, na shirika limeitaja wazi kuwa ndiyo kipimo chake. Walichokifanya ni kusema tafsiri ni ya nani. Hifadhi za mtandaoni zinatumia tafsiri ileile ya kamera bila kusema. Na kwa ndoa, kwa utafiti, kwa nyaraka za makumbusho, ambako picha itarudiwa baada ya miaka 30 na wasafishaji wenye zana bora kuliko zetu, kuitupa data ghafi ni hasara isiyorudishika.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namalizia na yajayo.

Mambo matatu yanasogea. La kwanza, mwaka 2023 umbizo la DNG liliongezewa uwezo wa kubana data kwa JPEG XL, na simu za karibuni zimeanza kuutumia. Faili ghafi zitakuwa nyepesi zaidi na zitazalishwa na watu ambao hawajawahi kushika kamera kubwa. Apple walishawaweka njiani kwa umbizo la ProRAW mwaka 2020. Idadi ya wanaoangalia onyesho na kuliamini itaongezeka, tena kwa kasi. La pili, mwaka huohuo wa 2023 Leica walitoa M11-P, kamera inayotia saini ya kidijitali kwenye picha inapopigwa, ili asili yake iweze kuthibitishwa. Hatua njema, ila saini itamfaa mhariri tu iwapo huduma inayomwonyesha picha inaisoma saini hiyo na kumweleza ilichokithibitisha. La tatu, programu za kusafisha faili ghafi sasa zinaweza kufanya kazi ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta ya mtazamaji, bila seva kubeba mzigo. Mtu angeweza kubonyeza mara moja na kuiona data ghafi yenyewe ikisafishwa, kwa hiari yake na kwa bando lake.

Kwa wajenzi wa huduma, wakiwemo vijana wetu wanaojenga hifadhi na programu za studio Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, ninaomba mstari mmoja chini ya kila onyesho la faili ghafi: "Imetengenezwa na kamera, pikseli 1620 kwa 1080," au "Imesafishwa na seva yetu," au "Hatukuweza kuisoma data ghafi." Taarifa hiyo seva inayo tayari, ilijua ilipochomoa JPEG na ukubwa wake. Kuiandika ni kazi ya siku moja ya mwandishi wa programu. Na panapokuwa na XMP pembeni, waseme kwamba uhariri upo na haujaonyeshwa.

Kwa nyinyi mlioko hapa, msiusubiri mstari huo. Kesho chagueni faili moja mliyoipakia zamani kuliko zote, ipakueni yote, ifungueni kwa programu ya kusafishia na mwone kama data imo. Msifute chochote kwa simu. Msimtumie mteja folda ya faili ghafi kabla hamjaweka humo JPEG mlizozimaliza wenyewe. Nanyi wahariri, mkiletewa kiungo mkaambiwa hii ndiyo asili, pakueni kwanza ndipo mjibu.